Figa la Mama Nyamizi na Siri ya Mngojo

Iko nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa woga, bali kwa sababu kamati ya kulichagua bado haijatimiza akidi. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Ramani yake iko mezani kwa mkurugenzi, inasubiri saini. Ila watu wake wapo, wanakula, wanazaana, na kwa jambo moja wamewaacha mbali wanadamu wengine wote: wanajua kupanga foleni.

Mtu wa nchi hiyo akiona wenzake watatu wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, husimama wa nne, kisha ndipo huuliza kinachotolewa. Akichoka kusimama, huweka jiwe. Jiwe hilo hukaa pale alipokuwa yeye, lina haki zilezile na heshima ileile, na hakuna wa kuligusa. Katika nchi ile unaweza kumnyang'anya jirani kuku wake, shamba lake, hata mke wake, na watu wakakusalimia. Lakini kusogeza jiwe la mwenzako kwenye foleni? Huyo hata mama yake mzazi hamuulizi kama amekula.

Basi katika mji wa Kisoza, wa nchi hiyohiyo, aliishi mjane mmoja aitwaye Mama Nyamizi. Alikuwa amewapikia wanafunzi wa shule ya bweni ya serikali kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka alipostaafishwa kwa barua iliyokosea jina lake mara tatu, kila mara kwa namna mpya. Alikuwa na kiwanja chake kidogo: nyumba ya vyumba viwili, mparachichi alioupanda marehemu mumewe, kaburi la marehemu mwenyewe chini ya mparachichi huo, na jiko la nje la mafiga matatu. Hati ya kiwanja hakuwa nayo. Siku redio ilipotangaza kwamba kila kiwanja kitakachokosa hati ifikapo Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka unaofuata, saa tisa na nusu alasiri, kitahesabika hakina mwenyewe, Mama Nyamizi alivaa viatu na kwenda Ofisi ya Ardhi. Alikuwa wa kwanza kabisa. Karani wa dirishani, Bwana Shebughe, akazipokea fomu zake kwa mikono miwili, akazigonga muhuri, akasema kwa upole, "Njoo kesho, Mama."

Kesho yake Mama alikwenda na jiwe, maana alizijua kesho za serikali na urefu wake. Hakuwa na muda wa kuchagua. Aling'oa figa moja jikoni, jeusi kwa masizi, mviringo kama kichwa cha mtoto, akaliweka chini ya dirisha. Kule jikoni, mahali pa figa, akasimamisha kopo la rangi lililojazwa mchanga. Nyuma ya figa lake Mzee Chilumba, mstaafu wa reli, akaweka bonge la kokoto la relini. Nyuma yake wakafuata wengine, nao waliacha fomu siku ile ya kwanza wakaambiwa kesho, na kufikia Alhamisi mawe yalikuwa yamemaliza veranda, yamekata kona, yanaelekea kwenye mashine ya kusaga nafaka ya jirani. Watu wakarudi kwenye shughuli zao. Dirisha lilikuwa limefungwa. Wakasubiri lifunguliwe.

Ndivyo dini mpya zinavyoanza, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

*

Mwezi wa nne mvua kubwa ilinyesha, na kwenye veranda ile akajikinga bwana mmoja aitwaye Limbanga. Alikuwa akiuza bangili za sumaku pale stendi, bangili zinazotibu mgongo, ndoa na mitihani ya darasa la saba. Aliketi chini, akauegemeza mgongo kwenye figa la Mama Nyamizi, na ghafla akahisi mtetemo. Ukapanda kiunoni, ukapita mabegani, ukamfikia kwenye meno.

Mtu mwingine angegeuka akaona mashine ya kusaga inanguruma upande wa pili wa ukuta. Limbanga hakuwa mtu wa kugeuka. Alitazama mbele, akaona mawe mia moja arobaini, kimya, bila mtu hata mmoja, yote yameelekea dirisha lililofungwa. Machozi yakamlengalenga.

"Dada," akamwita mwanamke aliyekuwa akifagia veranda, "haya mawe ni ya nani?"

"Ya watu."

"Watu wenyewe wako wapi?"

"Wameondoka."

"Watarudi lini?"

"Dirisha likifunguka."

"Na litafunguka lini?"

Dada akainua mabega. "Wameambiwa kesho. Hebu nyanyua mguu nipitishe ufagio."

Limbanga aliyaandika mazungumzo hayo, neno kwa neno, nyuma ya boksi la bangili. Leo ndiyo Sura ya Kwanza ya kitabu cha dini hiyo. Wanazuoni bado wanabishana maana ya ndani ya ufagio.

Miezi mitatu baadaye alikuwa Profesa Limbanga, amevaa shuka jeupe, ana wafuasi waliojiita Umoja wa Mngojo wa Ndani. Mafundisho yao yalikuwa mepesi kwa mtu yeyote wa nchi ile, maana alikuwa ameyaishi tangu azaliwe. Ulimwengu wote ni foleni. Mwili ni mzigo. Jiwe ndilo wewe halisi. Mwili wako ukienda sokoni kubishania nyanya, roho yako iko veranda, inangoja. Kuna ngazi tisa za kungoja. Wa ngazi ya kwanza hungoja kitu. Wa ngazi ya tano amesahau anangoja nini. Wa ngazi ya tisa, hata kikija, hakitaki. Maneno ya siri, ambayo mwanafunzi hunong'onezwa sikioni baada ya kufunga siku saba, yalikuwa "Njoo kesho". Watu walilia walipoyasikia. Wengi walisema wamewahi kuyasikia mahali, pengine kabla ya kuzaliwa.

Siku mashine ya kusaga ilipokosa umeme, Profesa alitangaza kwamba mawe yamefunga.

*

Mama Nyamizi habari hizo zilimfikia akiwa na shida yake nyingine. Lile kopo la rangi lilikuwa linadidimia. Sufuria ilikuwa inalalia upande, maharage ya kushoto yanaungua, ya kulia mabichi. Akaona bora aende achukue figa lake, aweke jiwe jingine lolote la barabarani.

Alikuta kamba nyekundu imezungushwa, na vijana wawili wenye mashuka wamefumba macho.

"Samahanini wanangu. Nachukua figa langu."

Mmoja akafumbua jicho. "Mama, hilo si figa. Hilo ni Jiwe la Awali."

"Awali gani? Nimelipikia ugali tangu mume wangu yuko hai. Angalia masizi hayo."

"Hayo ni giza la kabla ya uumbaji."

"Ni masizi ya kuni, baba. Tena ya mkaratusi, ndiyo maana hayatoki."

Profesa mwenyewe akatoka nyuma ya nguzo, mikono imekunjwa kifuani. "Mama yetu," akasema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "wewe ni chombo tu. Ulilibeba. Chungu hakiulizi maji yanakwenda wapi."

"Na maharage yangu?"

"Maharage ni mambo ya mwili."

"Sasa si ndio huo mwili wenye njaa?"

Vijana wakaguna kwa heshima, wakaandika. Maneno yale yaliingia Sura ya Saba, lakini yamewekwa kinywani mwa Profesa.

Mama akageukia dirisha. Mbao zake zilikuwa zimeota ukungu. Haikumjia hata kidogo kufanya lolote kwa dirisha lile, na msimlaumu. Alikuwa mtu wa nchi yake. Serikali ni mkubwa. Mkubwa akifunga dirisha lake, mdogo hungoja mpaka mkubwa apende. Akaenda zake, akakazia kopo mchanga.

*

Viongozi wa nchi ile hawakuwa wapumbavu, hata kama walijitahidi. Haukupita mwaka wakaona jinsi dini hii inavyorahisisha kazi. Waziri wa Ardhi na Matumaini alisimama bungeni, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa Spika, serikali yetu sikivu imefanya utafiti wa kina na kugundua kwamba huduma inayotolewa papo hapo huidumaza roho ya mpokeaji. Kwa miaka mingi, bila kujua, tumekuwa tukiwakuza wananchi wetu kiroho. Sasa tutawakuza kwa makusudi!" Bunge likapitisha Sheria ya Mngojo kwa kauli moja, isipokuwa mbunge mmoja aliyesema atapiga kura kesho. Huyo ndiye aliyepigiwa makofi zaidi.

Idara ya Maji ikatangaza kwamba bomba kavu si bomba bovu, ni bomba linalotafakari. Hospitali ya mkoa ikafuta kibao cha "Wagonjwa wa Nje" na kuandika "Wangojezi wa Ngazi ya Pili". Ukimuuliza nesi daktari yuko wapi, anakugusa kifua na kidole: "Yuko ndani yako." Wageni wakaja kutoka ng'ambo na mikeka ya kukunja, na mawe yao wenyewe waliyosafiri nayo kwa ndege, wakaomba kujifunza kungoja kutoka kwa wenyeji. Wenyeji wakawatazama kwa huruma, wakawaonyesha mwisho wa foleni.

Ofisi ya Ardhi ya Kisoza, mwaka huohuo, ilipewa kikombe cha ofisi isiyo na malalamiko. Kikombe kilipitishwa mlango wa nyuma. Nani alikipokea, watu wa mbele hawakujua.

Ndipo serikali ikaamua kujenga Hekalu Kuu la Mngojo. Likatafutwa eneo tulivu, lenye kivuli, lisilo na mwenyewe. Ofisa mmoja akatembea mjini na daftari, akafika kwa Mama Nyamizi, akautazama mparachichi.

"Hapa pana mwenyewe?"

"Umesimama miguuni pa mume wangu," Mama akasema. "Sogea kidogo."

"Nauliza hati, Mama."

"Iko foleni. Mimi ni wa kwanza."

"Hongera sana," ofisa akasema, na alikuwa anamaanisha. "Basi ikifika Ijumaa saa tisa na nusu haijatoka, tutaanza kuchimba msingi Jumamosi. Marehemu atahamishwa kwa heshima. Atapewa namba."

*

Ijumaa yenyewe ikafika. Waziri alipangiwa kuja kuweka jiwe la msingi. Lakini Profesa alishauri kwamba jiwe hilo, kabla ya kupelekwa kiwanjani, lisimame kwanza saa moja mbele ya mawe yote pale veranda, lipate mtetemo. Wenye mashine ya kusaga waliombwa wasizime.

Mama Nyamizi alifika saa nane, amevaa khanga zake za msibani. Alikuja kumwomba waziri kwa mdomo wake. Ndilo jambo pekee lililobaki. Mzee Chilumba alikuwa karibu na kokoto lake, anatazama saa yake ya reli, ile ya mnyororo.

"Shemeji, una saa moja na nusu," akamwambia. Alimwita shemeji kwa sababu ya marehemu. Walikuwa wamefanya kazi reli moja.

"Nitamwambia nini mtu mkubwa hivyo?"

"Mwambie ukweli. Hajawahi kuusikia, huenda akaupenda."

Hotuba zikaanza. Waziri alizungumza juu ya zamani, akazungumza juu ya baadaye, akairuka leo kama dimbwi. Saa tisa ikapita. Saa tisa na robo akashuka, askari wanne nyuma yake wamebeba jiwe la marumaru lenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Wakaingia ndani ya kamba nyekundu. Wakafika chini ya dirisha. Na pale, mbele ya macho ya watu elfu mbili, wakalitua jiwe la marumaru mbele ya figa la Mama Nyamizi.

Shingo zote zikanyooka. Hata mashine ilisikika imeshtuka.

"We!" sauti ikapaa kutoka katikati. "Pale pana mtu!"

"Hilo limetoka wapi? Limefika sasa hivi!"

"Mzee, nyuma! Mwisho wa foleni uko kwenye mashine!"

Profesa akainua mikono. "Wapendwa! Wapendwa! Kumbukeni ngazi zenu!"

"Mimi ni wa ngazi ya tisa," akafoka bibi mmoja mwenye shuka, "lakini foleni ni foleni!"

"Ndugu wananchi," waziri akasema, jasho linamtoka, "mimi hapa nawakilisha serikali."

"Basi na serikali ipange mstari!"

Watu hawa walikuwa wamengoja maji, wamengoja dawa, wamengoja barabara, na hawakuwahi kupandisha sauti. Sasa walivunja kamba. Askari wakamzunguka waziri, umati ukawazunguka askari, na Mama Nyamizi, aliyekuja kuomba, akajikuta amesukumwa mpaka ukutani, waziri hamwoni tena, hotuba yake ya kuomba imemtoka kichwani.

"Saa tisa na dakika ishirini na tano!" Mzee Chilumba akapiga kelele kutoka mbali, kama anaondosha treni.

Mama akatazama chini. Akaliona figa lake. Akawaza, kiwanja kimekwenda, mume wangu atapewa namba, angalau nirudi na jiwe langu. Akaliinua kwa mikono miwili. Mtu akamsukuma tena mgongoni, na figa likagonga mbao za dirisha. Ko!

Hapo mdomo wake ulitangulia akili. Mikono ikiwa imejaa na mlango uko mbele yako, watu wa malezi yake husema neno moja tu, wanalisema hata usingizini.

"Hodi!"

Na kutoka ndani ikaja sauti yenye kutu, sauti ya mtu asiyezungumza na mtu siku nyingi:

"Karibu!"

Kitasa kikalia. Dirisha likafunguka. Bwana Shebughe alikuwa amekaa mezani, kikombe cha ofisi isiyo na malalamiko kando yake, kina chai.

"Mama Nyamizi!" akasema kwa furaha. "Ulipotelea wapi jamani?"

"Nilipotelea? Nilikuwa hapa!"

"Hapa wapi? Miezi kumi na saba kila asubuhi nachungulia kwenye tundu hili, naona mawe tu, na vijana wanaosinzia. Naandika: wateja, hakuna. Nikasema watu wa Kisoza wamekosa nini? Hati zenu zote zilitoka siku ileile ya pili."

"Sasa mbona hukufungua, baba?"

"Nifungue, mtu hajapiga hodi?" Bwana Shebughe akaonekana ameumia. "Mimi nimelelewa, Mama. Wewe mbona hukubisha?"

"Niipigie serikali hodi? Mimi nani?"

Karani akavuta droo, akapuliza vumbi, akatoa karatasi. Dole gumba hapa. Jina, limeandikwa sawa? Sawa. Muhuri. Mama akaishika hati mkononi, figa kwapani.

Mzee Chilumba akatazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. "Dakika nne tangu hodi," akasema.

"Ngapi?" akauliza wa nyuma yake.

"Nne."

Neno likaenda kutoka mtu hadi mtu, likakata kona, likafika kwenye mashine. Dakika nne. Hakuna aliyepiga makofi. Waliinamisha vichwa, kila mmoja anapiga hesabu ya jambo lake mwenyewe. Saa tisa na nusu ikafika, muda wa kazi ukaisha, Bwana Shebughe akafunga dirisha.

*

Profesa Limbanga, sifa yake apewe, alikuwa wa kwanza kupata fahamu. Kabla jua halijapungua makali alikwishatangaza kwamba ipo ngazi ya kumi, na Mama Nyamizi ndiye mtu pekee aliyeifikia. Waziri naye akatoa taarifa: kilichotokea Kisoza si huduma, ni muujiza, na muujiza kwa asili yake haurudiwi, kwa hiyo wananchi wasiudai. Jiwe la marumaru umati ulikuwa umelipeleka mwisho wa foleni. Liko huko mpaka leo, watu hutua juu yake magunia yao ya mahindi.

Mama alirudi nyumbani, akalitupa kopo la rangi, akalirudisha figa mahali pake. Sufuria ikakaa sawa. Jumapili asubuhi alipotoka kuwasha moto, alikuta mstari wa mawe umeanzia kwenye figa lake, umepita kaburi kwa adabu, umetoka nje ya kiwanja. Nyuma ya mawe walikuwepo watu arobaini, wamekaa chini.

"Mnataka nini hapa?"

"Siri, Mama," akasema yule bibi wa ngazi ya tisa.

"Siri gani? Nilipiga hodi."

Kalamu zikakwaruza. "Nilipiga hodi," wakarudia pamoja, polepole. "Na maana yake ya ndani?"

"Haina ndani. Unagonga, unasema hodi, mtu anakuambia karibu. Mnafanya hivyo kwa majirani kila siku!"

"Haina ndani," wakaandika, na wawili wakaanza kulia.

Mzee Chilumba alikuwa wa kwanza kwenye mstari huo. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akasimama. Akaokota kokoto lake la reli.

"Mzee, unakwenda wapi? Utapoteza nafasi!"

"Nakwenda nyumbani kwa Bwana Shebughe," akasema. "Leo Jumapili, nitamkuta anakunywa chai."

Wenzake thelathini na tisa wakamsikitikia, wakasogeza mawe hatua moja mbele.

Siku ya tatu ya mstari huo redio ilitangaza agizo jipya. Kutokana na uharibifu wa mali ya umma, madirisha yote ya ofisi za serikali, nchi nzima, yatawekewa magodoro kwa nje, ili jiwe likigonga lisisikike. Mama Nyamizi alikuwa akikoroga maharage, yameiva kushoto, yameiva kulia. Akaacha mwiko hewani.

"Godoro kwenye dirisha, sawa," akawaambia wale waliobaki. "Haya, na mdomoni mwenu nani amewawekea?"

Hadithi imeishia hapo. Mwenye swali aache jiwe lake mlangoni, atajibiwa kesho.